Mafuta ya kukinga jua: mtu wa kipato kidogo anunue yapi?



Mara nyingi katika jarida hili tunazungumza juu ya malaria, maji safi na chanjo. Leo naomba tuzungumze juu ya jua. Usicheke. Ziko nyumba hapa kambini ambazo jua ni ugonjwa wa kila siku, na ziko pesa nyingi zinazopotea Busia na hapa Bweyale kwa kununua makopo ambayo hayakingi kitu.

Kwa nini nataja Busia? Wengi wetu tunaijua. Wakenya waliokimbia vurugu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walivukia Busia na Malaba, wakakaa Mulanda katika wilaya ya Tororo, kisha mwaka 2008 wakaletwa hapa Kiryandongo. Njia ile bado tunaitumia. Tunao ndugu Busia pande zote mbili za mpaka, tunaenda matanga, tunaenda kutafuta bidhaa, na kila anayesafiri hubebeshwa maagizo ya majirani. Mimi pia nilibebeshwa. Mama mmoja wa mtaa wetu ana mtoto wa miaka tisa mwenye ualbino. Alinipa pesa alizopata kwa kuuza mahindi akaniambia, "Mwanangu, ukifika Busia nitafutie mafuta ya jua ya huyu kijana. Hapa wananiuzia ya kung'arisha uso, na yeye anazidi kuungua." Makala haya yametokana na agizo hilo.

Jua la Busia na letu ni lile lile

Busia iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, na sisi huku tuko kama digrii mbili. Katika Machi na Septemba jua la saa sita mchana linasimama utosini hata kivuli chako kinajificha chini ya miguu. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa miale ya jua. Kipimo kikifika 3 mtu anashauriwa kujikinga, na kikifika 11 kwenda juu kinaitwa kikali kupita kiasi. Katika nchi za ikweta, mchana usio na mawingu hufika 11 na kupita bila shida.

Miale inayounguza ngozi haionekani, na siyo ile tunayoisikia kama joto. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua siku ya baridi yenye upepo, au siku ya mawingu mepesi. Njia rahisi ya kupima ni kivuli chako. Kivuli kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali. Kwetu hiyo ni kama kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, yaani saa zile zile za kwenda bombani, shambani na sokoni.

Je, kila mtu anahitaji mafuta haya?

Hapana. Nasema hivi mapema kwa sababu wauzaji hawatakuambia. Kama ngozi yako ni nyeusi na huna tatizo la ngozi, ndani yake tayari una rangi inayopunguza miale. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra kwako. Kofia, kivuli na maji ya kunywa vitakufaa kuliko kopo la bei kubwa. Ukiona pesa ni chache, nunua sabuni na daftari za watoto.

Kuna jambo moja ambalo watu weusi wasipuuze. Saratani ya ngozi kwetu hupenda kujitokeza unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Basi doa jeusi linalokua unyayoni, au kidonda cha mguu kisichopona, ni la kuonyesha kituoni. Hakuna losheni ya jua itakayolizuia.

Sasa wanaohitaji. Wa kwanza ni mtu mwenye ualbino, awe mtoto mchanga au mzee. Kwake ngozi haina kinga ya rangi, na kila siku ya kuungua inajumlishwa na ya jana. Saratani ambayo kwa wengine huja uzeeni, kwake inaweza kuja akiwa kijana wa miaka ishirini au thelathini. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino, kwa hiyo si jambo la mtu mmoja mmoja aliyefichwa nyumbani. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza mafuta ya kukinga jua katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya watu wenye ualbino na wengine ambao ngozi yao haivumilii miale. Kwao haya ni dawa, si urembo, na usikubali mtu akuambie mtoto wako anapambwa.

Wengine ni wenye madoa meupe ya ngozi, kwa sababu lile doa jeupe halina rangi ya kulikinga. Wenye makovu mapya ya moto. Wenye ugonjwa wa lupasi. Na akina mama wenye mabaka meusi usoni yaliyoanza na ujauzito, ambayo jua huyazidisha. Pia ziko dawa zinazoifanya ngozi iungue haraka, kama doksisaiklini, na kwa baadhi ya watu Septrin. Usiache dawa uliyopewa kwa sababu ya kusoma hapa. Vaa kofia, na ukiona ngozi inawasha au inabadilika njoo uulize.

Niliyoyaona Busia

Busia ni soko. Upande wa Kenya kuna maduka ya dawa kando ya barabara kuu, upande wa Uganda kuna Sofia na vibanda vyake, na katikati watu wanapita siku nzima. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani hapa, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa rasmi, kuvuka kumekuwa rahisi zaidi. Mali inavuka pia, nzuri na mbaya.

Katika kibanda kimoja niliomba mafuta ya jua. Dada muuzaji akanipa kopo lenye picha ya jua na mwanamke mweupe. "Hii ni ya jua, customer, na inang'arisha pia." Niligeuza kopo pande zote. Hakukuwa na namba ya kinga, hakukuwa na tarehe. Kilichokuwepo, kwa herufi ndogo kabisa, ni hidrokwinoni. Hiyo ni dawa ya kuchubua. Ngozi iliyochubuliwa hukosa kinga yake na jua huikuta uchi, na kumpaka mtoto mwenye ualbino kitu kama hicho ni kumwongezea moto. Mafuta mengine ya kuchubua yana zebaki, ambayo huharibu figo. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki, lakini marufuku na kibanda cha mpakani ni vitu viwili.

Nilirudisha kopo. Dada yule hakukasirika, akanionyesha lingine, na lile pia lilikuwa hivyo hivyo. Nadhani na yeye hasomi maandishi yale, anauza alicholetewa.

Baada ya kuzunguka nilichagua aina tatu na kuzijaribu mimi mwenyewe kwa siku kadhaa nikiwa kwa ndugu zangu. Sitaji majina ya viwanda, kwa sababu kopo lililopo leo kesho halipo. Nitakueleza namna ya kuyachunguza.

Soma kopo kabla ya kulipa

Tafuta herufi SPF na namba baada yake. Namba hiyo inaeleza kinga dhidi ya miale inayounguza. SPF 15 ikipakwa vizuri huzuia kama asilimia 93 ya miale hiyo, SPF 30 kama asilimia 97, na SPF 50 kama asilimia 98. Unaona kwamba kutoka 15 kwenda 30 kuna faida, lakini kutoka 30 kwenda 50 faida ni ndogo. Kwa mtu mwenye ualbino chukua 30 au zaidi. Kama 50 ina bei mara mbili ya 30, nunua 30 na pesa inayobaki itafute kofia. Kopo lisilo na namba kabisa, hata likiandikwa "sun" kila mahali, liache.

Kisha tafuta herufi UVA, mara nyingi zikiwa ndani ya duara. Hiyo ni miale ya aina ya pili, inayoingia ndani zaidi ya ngozi. Makopo mengine huandika PA yenye alama za kujumlisha, na zikiwa tatu au nne ni vizuri. Kopo lenye SPF peke yake linakinga nusu ya hatari.

Tazama tarehe ya mwisho. Katika vibanda niliona chupa zilizofifia rangi kwa kukaa juani, kitu cha kushangaza kwa mafuta ya jua. Joto huyaharibu. Ukifungua na kuona maji yametengana na mafuta, au harufu imebadilika, usinunue hata kwa nusu bei. Mwisho tazama kama kuna nembo ya KEBS ya Kenya au UNBS ya Uganda. Nembo inaweza kughushiwa, nakubali, lakini duka la dawa lenye leseni na risiti linakupa mahali pa kurudi ukidanganywa. Kibanda cha kesho unaweza usikikute.

Jaribio langu lilionyesha nini?

Aina ya kwanza ilikuwa ya madini, yaani oksidi ya zinki. Inakinga mara unapopaka, na haikuwasha hata karibu na macho. Lakini usoni inabaki nyeupe kama unga. Watoto wa ndugu yangu walinicheka mpaka nikanawa. Kwa ngozi yetu nyeusi hilo ni tatizo la kweli, maana mafuta unayoyaonea aibu hutayapaka. Kwa mtu mwenye ualbino weupe huo hauonekani sana, na kwa mtoto mdogo ndiyo ningechagua.

Ya pili ilikuwa losheni ya kawaida, nyepesi, isiyoacha rangi. Inataka kupakwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka. Jasho lilipotiririka iliingia machoni na kuwasha, kwa hiyo paji la uso nililiachia kofia. Vumbi la barabara halikushika sana. Kwa kuvaa kila siku hii ilinifaa kuliko zote.

Ya tatu ilikuwa nzito na ya mafuta mengi, na ndiyo iliyokuwa na namba kubwa na bei kubwa. Hadi saa nane mchana nilikuwa nimefanana na barabara. Sikuimaliza wiki.

Hesabu ambayo haiko kwenye kopo

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, nami naomba usome polepole. Namba ya SPF hupimwa maabara kwa kupaka mafuta mengi. Uso na shingo ya mtu mzima vinataka kijiko cha chai kizima, kila mkono kijiko kingine, kila mguu vijiko viwili, kifua na mgongo vijiko viwili. Ukijumlisha mwili wote unazidi mililita 30, na unatakiwa kurudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani, au ukitoka jasho au kunawa. Chupa ya mililita 100 kwa mtu mzima mwenye kaptula na vesti inaisha kwa kupaka mara tatu. Ndiyo maana watu hupaka kidogo kama Vaseline, halafu wanasema mafuta hayafanyi kazi. Ukipaka nusu ya kipimo, kinga unayopata iko chini sana ya namba iliyoandikwa.

Hakuna mtu kambini anayeweza kununua hivyo. Lakini sasa mvike yule kijana wa miaka tisa shati la mikono mirefu lenye kola, suruali ndefu na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Linabaki eneo dogo: uso, masikio, shingo na viganja kwa juu. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kinatosha. Akipakwa asubuhi kabla ya kwenda shule na tena kabla ya kurudi nyumbani mchana, anatumia mililita 10 kwa siku. Chupa ya mililita 200 inamfikisha siku 20. Jumamosi na Jumapili akicheza kivulini na kupakwa mara moja tu, inasogea hadi kama siku 23.

Kwa hiyo usitazame bei ya kopo, tazama bei ya mililita moja. Tuseme kwa mfano kopo la mililita 50 ni shilingi 350 za Kenya, na la mililita 200 ni shilingi 1,000. Dogo linaonekana rahisi, lakini kila mililita yake ni shilingi 7, na ya kubwa ni 5. Majirani wawili wenye shida moja wanaweza kuchanga wakanunua kubwa na kugawana kwa chupa safi yenye kifuniko. Andikeni tarehe ya mwisho juu ya ile chupa ya pili.

Mama yule nilimnunulia chupa kubwa moja ya SPF 30 katika duka la dawa, na baki ikaenda mitumba, ambako Busia haina mpinzani. Nilipata mashati mawili ya mikono mirefu na kofia ya kitambaa kizito. Nguo ipime hivi: inyanyue kuelekea jua. Ukiona mwanga unapenya, miale inapenya. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana na chenye rangi nzito kinakinga vizuri kuliko cheupe chepesi, na kitambaa hicho hakiishi baada ya saa mbili. Kofia ya kepu haitoshi, maana masikio na shingo vinabaki nje. Kwa mtu mwenye ualbino, masikio, midomo na shingo ndiko vidonda hupenda kuanzia.

Mafuta ya yao, nazi, na mengine ya nyumbani

Watu wa kaskazini wana mafuta ya yao, na ni mazuri kwa ngozi kavu. Mafuta ya nazi ni mazuri. Vaseline ni nzuri. Lakini kinga yao dhidi ya jua ni ndogo mno, na kumtegemezea mtoto mwenye ualbino mafuta hayo ni kumtoa nje bila kitu. Yapakwe jioni baada ya kuoga, si asubuhi badala ya losheni. Losheni ya waridi ya kutuliza mwasho nayo si ya jua, hata kama ina zinki kidogo.

Yanayotolewa bila malipo

Ziko juhudi ambazo mtu anapaswa kuzijua kabla ya kutoa pesa. Huko Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta yanayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hugawiwa bure kupitia kliniki, hayakukusudiwa kuuzwa. Ukiyakuta kibandani na bei juu yake, jiulize yamefikaje. Nchini Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lilianzisha katika miaka ya 2010 mpango wa kutoa losheni ya jua kupitia hospitali za serikali kwa watu wenye ualbino waliojiandikisha. Mwenye ndugu upande ule wa Busia amhimize ajiandikishe mapema, kwa sababu mgao hufuata majina. Hapa Uganda kuna chama cha SNUPA chenye makao yake Jinja, katika barabara ile ile ya kutoka Busia kwenda Kampala, kinachofanya kazi na watu wenye ualbino na familia zao.

Kwa walimu wa shule zetu nina ombi moja. Mtoto mwenye ualbino asisimamishwe paredi juani, na asikae kiti cha dirishani ambako jua linaingia. Macho yake pia yanaumizwa na mwanga, kwa hiyo kofia yake asivuliwe kwa sababu ya sare. Hilo halimgharimu mtu shilingi.

Kutunza kopo nyumbani

Nyumba ya mabati au ya turubai mchana ni kama tanuri. Weka chupa chini, pembeni ya mtungi wa maji, si juu ya kabati karibu na bati. Likifunguliwa, tazama kama lina picha ndogo ya kopo wazi yenye 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kulitumia baada ya kulifungua. Mara ya kwanza paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko na usubiri hadi kesho yake. Ukiona vipele, usiendelee. Watoto wa chini ya miezi sita wasipakwe. Wafunikwe na kuwekwa kivulini.

Na ukiona kwa mtu mwenye ualbino kidonda ambacho hakijapona kwa mwezi, gaga linalotoka na kurudi, au uvimbe unaotoka damu ukiguswa, usiongeze losheni juu yake. Njoo naye kituo cha afya Panyadoli. Kidonda kidogo hukatwa siku moja na mtu akarudi nyumbani, kikubwa ni habari nyingine. Kama una kopo ambalo huelewi maandishi yake, lije nalo siku hiyo hiyo, hata kama limebaki nusu, tutalisoma pamoja.